Harufu ya Pasi

Mara ya kwanza mama kuniita "baba watoto" nilicheka. Tulikuwa tumefika hospitali ya macho, namtoa kwenye siti ya nyuma ya gari langu, akanishika bega akasema, "Baba watoto, duka umefunga?" Nikamjibu, "Nimefunga, mke wangu, na funguo nimemeza." Kwetu utani ni kila siku, na marehemu baba kweli alikuwa na duka, nikajua ananichokoza. Mama hakucheka. Aliinama akatapika juu ya viatu vyangu.

Safari ya pili hospitalini nesi alimuuliza leo ni siku gani, mama akasema ni siku ya kupeleka sare za shule. Operesheni ikaahirishwa. Safari ya tatu aliniita tena baba watoto, akaniuliza mbona nimekonda. Hapo nikajua kuna jambo, maana mimi sijakonda tangu nizaliwe.

Nesi mkuu, mwanamke mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, alinivuta pembeni.

"Kaka, operesheni ya mtoto wa jicho, mgonjwa anakuwa macho. Lazima atulie, asikie anachoambiwa. Daktari hawezi kumgusa jicho mtu asiyejua yuko wapi. Tumempangia Alhamisi ijayo. Akija hivi tena tunamtoa kwenye orodha. Na kurudi kwenye orodha ni mwaka na nusu."

Mama yangu ni mshonaji. Ameshona miaka arobaini na mbili: sare, magauni ya harusi, mapazia, hata koti la hakimu mmoja aliyekuwa na bega moja juu na moja chini, na likamkaa sawa. Sasa ana miaka sabini na nne, macho yote mawili yana ukungu mweupe, anaona mwanga na vivuli tu. Cherehani yake iko sebuleni, na kila asubuhi anaifuta vumbi kwa kupapasa. Alikuwa anasubiri jicho moja tu. "Wanipe moja linatosha," alisema. "Sindano nayo ina tundu moja."

Dada yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, alikuwa ameshakata kauli kwa simu. "Mama amechoka akili, tukubali. Aje akae kwangu. Na hiyo cherehani iondoke kabla hajajishona vidole. Wewe mwenyewe si umeniambia kila akipanda gari anasema anasikia harufu ya pasi ya mkaa? Gari lina pasi?"

Nikasema halina.

"Basi. Amesharudi kwenye enzi zake za ushonaji. Muache apumzike."

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, mita mbili kutoka simu ilipo. Macho yake yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa na tatizo lolote. Alinyoosha tu kitambaa kilichofunika cherehani, pembe moja baada ya nyingine.

Jumatano, siku moja kabla ya siku yetu, niliwasha gari likanguruma hadi jirani akachungulia dirishani. Mama alitoka mlangoni na fimbo yake.

"Hilo ni gari letu au wanabomoa nyumba?"

"Ni bomba la moshi tu, mama. Nitalifunga kidogo."

"Ulilifunga kidogo mwezi wa pili. Mimi siendi kupasuliwa jicho nimepanda mashine ya kusaga. Nipeleke kwa fundi, na mimi nakuja."

Hapa lazima niseme jambo. Mimi nina stashahada ya ufundi wa magari. Iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, juu kidogo ya picha ya harusi yetu, jambo ambalo mke wangu hajalisahau. Nafundisha nadharia ya injini chuoni. Ukinipa ubao na chaki nne za rangi nakuchorea safari ya moshi kutoka kwenye silinda mpaka nyuma ya gari bila kuinua mkono. Mama ananiita Bwana Cheti. Zamani nilidhani ni sifa.

Safari ya kwenda gereji ilikuwa dakika ishirini. Mama alikaa mahali pake, nyuma upande wa kushoto, dirisha limefungwa kwa sababu daktari alikataza vumbi. Mimi niliendesha kiwiko kikiwa nje, napunga upepo. Tulipofika alikuwa amefumba macho, kidole kimoja kwenye kila panja.

"Pasi," alinong'ona. "Leo imewaka kweli."

Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kiti cha mbao kilichokuwa mlangoni.

Gereji yenyewe ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya uwanja wa vyuma chakavu. Ukuta mzima umening'inizwa mabomba: marefu, mafupi, yaliyopinda mara moja, yaliyopinda mara tatu, na masanduku ya kupunguzia sauti yamepangwa kama mikate. Katikati kuna shimo refu ambalo fundi anaingia akasimama wima chini ya gari. Hakukuwa na redio wala kelele, na hakukuwa na mtu mwingine zaidi ya mwenye gereji.

Watu wanamwita Fundi Kimya. Ni mzee wa umri wa mama hivi, mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili. Nyundo na mashine za kukatia chuma zilimaliza masikio yake zamani. Hasikii hata ukipiga baragumu ubavuni pake. Anasoma midomo. Lakini kuongea anaongea, tena kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"KARIBU! LINASEMAJE?"

Nikaanza kumweleza. Nilisimama mbele yake nikamwambia kwamba kwa mtazamo wangu wa kitaalamu sehemu ya chini ya bomba imeliwa na kutu, nikataja shinikizo, nikataja joto, nikawa naelekea kwenye mtetemo. Fundi alinitazama mdomo kwa adabu kama nusu dakika. Halafu akafumba macho.

Nikanyamaza. Kiziwi akifumba macho, umefukuzwa.

"Amejibu nini?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Amefumba macho."

"Ana akili huyo. Mimi ningeweza, ningefumba masikio."

Fundi alisukuma gari juu ya shimo, akaliwasha, akashuka. Mimi nikamfuata. Kwanza alichukua tambara lililolowa akalibana kwenye mdomo wa bomba huko nyuma kwa sekunde chache, moshi utafute pengine pa kutokea, kisha akalitoa. Akatikisa kichwa, kama daktari aliyeambiwa mgonjwa anakula vizuri na hakuamini. Halafu akatoa kijiti kwenye mfuko wa ovaroli.

Kilikuwa kijiti cha mti mgumu, urefu wa mkono, kimeng'aa kwa kushikwa. Ncha moja ilikuwa na alama za meno. Alikifuta, akaking'ata ncha hiyo kwa magego, ncha ya pili akaigusisha kwenye bomba karibu na injini. Akafumba macho.

Nikaelewa taratibu. Mzee alikuwa anasikiliza kwa meno.

Alihamisha kijiti shubiri moja. Akangoja. Shubiri nyingine. Juu yetu injini ilikuwa inanguruma hadi kifua changu kinacheza, na katikati ya zahama yote ile uso wa yule mzee ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza mtoto akipumua chumba cha pili. Alifika kwenye kiraka changu. Mwezi wa pili nilikuwa nimekizungushia pale kipande cha kopo la juisi, nikakibana kwa vibano viwili, na kwa kweli kilikuwa kimenipendeza. Kijiti kilikaa pale kidogo, kikapita. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeziba mahali pazima.

Shubiri mbili mbele alisimama. Akarudi nyuma nusu shubiri. Akasogea upana wa kidole. Nyusi zake zikapanda.

"UZI!" alisema, kijiti kikiwa bado mdomoni.

Nikatazama huku na huku. Gereji ina vyuma vyote vya dunia, uzi haina. Nikapanda juu mbio.

"Anataka nini?" mama aliuliza.

"Uzi."

Sikumaliza neno. Alishafungua pochi, akapapasa, akatoa kibunda. "Wa pamba au wa nailoni?"

"Mama, sijui."

"Wa pamba. Karibu na moto huendi na nailoni. Cheti hakina hilo?"

Fundi alikata kipande, akakishika kwa vidole viwili, akakipitisha juu ya bomba, kwenye ile nafasi nyembamba kati ya bomba na sakafu ya gari ambapo jicho haliingii. Akanipa tochi na kioo kidogo. Nikatazama.

Uzi ulikuwa unaning'inia umetulia. Akausogeza. Bado umetulia. Akausogeza tena, na ghafla ukaruka. Ukaanguka, ukaruka, ukaanguka, ukaruka, kwa mapigo sawasawa, kama mshipa wa shingo ya mtu. Na kwenye kioo nikaona ufa mwembamba kama unywele, mgongoni mwa bomba.

Miaka ishirini nimechora hilo jambo ubaoni kwa mishale ya bluu. Sikuwahi kuliona likipumua.

Fundi alizima injini, akanyoosha kidole kwenye waya niliofungia bomba. "NANI KAFUNGA WAYA HUU?"

"Fundi mmoja," nikasema.

"FUNDI GANI?"

"Ana cheti," mama alijibu kutoka juu. Bahati nzuri fundi hakumwona midomo.

Alinieleza kwa mikono, na kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Bomba halifungwi kwa waya. Linaning'inizwa kwa mipira, kwa sababu injini inacheza, na ikicheza bomba lazima licheze nayo. Mpira wangu ulikatika, mimi nikafunga waya, nikaukaza kwa koleo, nikajipongeza. Bomba likakosa pa kuchezea. Miezi miwili linavutwa huku na huku, likachanika mgongoni.

"Nimeelewa," mama alisema. "Ameshona mkono wa gauni bila kuacha nafasi ya kwapa. Mtu akinyoosha mkono, linachanika."

Nilimgeukia fundi nikarudia maneno ya mama kwa midomo. Alicheka, akapanda juu kumtazama mwenye maneno hayo. Na hapo, akiwa anapita kando ya gari, akasimama. Alirudi. Akafungua mlango wa nyuma wa kushoto. Akapiga magoti, akainua zulia la miguuni.

Chini ya zulia kulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba, na waya wa spika umepita katikati. Kuzunguka tundu kulikuwa na duara jeusi la masizi, limeenea kwenye zulia kama wino. Fundi aliligusa, akanusa kidole. Akatazama chini kupitia tundu. Nilijua anachokiona kabla hajasema. Anaona mgongo wa bomba.

Alinigeukia. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nani anakaa hapa?"

Nikageuka nikamtazama mama pale mlangoni.

"Mtu huyo anaumwa kichwa?"

Alikuwa ananitazama midomo, na midomo yangu haikuwa na kitu. Ile hewa ya sumu ya moshi wa injini, kaboni monoksidi, naifundisha kila muhula. Haina rangi, haina harufu yake yenyewe, inapanda ndani ya gari pamoja na moshi, inamchukua mtu akidhani anasinzia. Kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Nawaambia wanafunzi waandike mara tatu.

Na tundu lile nilitoboa mimi. Nilitaka mama asikie redio yake vizuri huko nyuma, nikaweka spika, nikapitisha waya kwa chini ili usionekane. Nilijivunia kwamba hauonekani.

"Muulize yeye," nikasema mwishowe.

Fundi alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha mama. Mama akageuza uso upande mwingine, kwenye kivuli cha nguzo, akidhani ndiye yeye. Fundi akahama akachuchumaa upande huo. Mama akasikia hatua, akageuka tena. Fundi akahama tena. Wakawa kama watu wanaopishana mlangoni, mpaka alipomshika mkono kwa upole akautuliza.

"Mama. Sema taratibu. Ukiwa kwenye gari unasikiaje?"

"Nasikia harufu ya pasi ya mkaa," mama alisema. "Nimewaambia wanangu mpaka nimechoka. Nilipokuwa mwanafunzi wa ushonaji tulikuwa wasichana sita kwenye chumba kimoja. Mvua ikinyesha tunafunga madirisha, tunapiga pasi sare mia mbili, mkaa unawaka. Siku moja mwenzetu alianguka juu ya meza. Mwalimu akaingia anapiga kelele, fungueni, fungueni! Toka siku hiyo nakijua kichwa cha pasi. Kinaanzia hapa." Akagusa panja. "Halafu miguu inakuwa ya mtu mwingine. Halafu unaongea na watu wasiokuwepo."

Fundi alisoma kila neno. Alipomaliza, hakumjibu yeye. Alinitazama mimi.

"Mama yako kakutajia ugonjwa na dawa yake. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa pale pale. Nilikuwa mbele, kiwiko nje.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la vyuma, nikamwambia mama yote. Tundu, waya, ufa. Nikangoja fimbo. Alifunga pochi, akaweka mikono juu yake.

"Kwa hiyo sijachanganyikiwa."

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Miezi miwili nimekuwa nikijiaga. Kila asubuhi naamka najiuliza leo nitasahau nini. Nilianza na majina ya wajukuu, nayasema yote kabla sijatoka kitandani, nihakikishe yapo." Akapapasa akanipata sikio, akalivuta, si kwa nguvu sana. "Spika ilikuwa inasikika vizuri, lakini."

Fundi alifanya kazi bila kumtazama mtu. Alikata waya wangu, ukaanguka shimoni ukilia. Akashusha bomba likiwa zima kama lilivyo, akaliweka kwenye meza ya chuma mbali na gari, akalisugua kwa brashi ya waya mpaka ufa wote ukajitokeza: ulizunguka zaidi ya nusu ya bomba. Akakata kipande chote kibovu, akanirushia. "Kafundishie." Akachagua ukutani bomba moja kati ya mia bila kupima, akalikata, likaingia pale kama kidole kwenye pete. Nikalipima mimi kwa rula yangu, kwa siri. Lilikuwa sawa kabisa.

Alipovaa ngao ya uso alinipigia kelele. "MGEUZE MAMA! ASITAZAME MOTO!"

Nikageuza kiti kikaelekea ukutani. Mwanga wa kuchomelea ukawaka, banda zima likawa bluu na jeupe, mabomba mia yakarusha vivuli mia.

"Umenigeuzia nini?" mama alilalamika. "Mwaka mzima sijaona kitu, leo kimekuja kitu cha kuona unanigeuza!" Akainua mkono. Ukutani mbele yake kivuli kikainua mkono. "Mwanangu. Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, ni wewe."

"Mgongo umepinda hivyo?" Akaunyoosha.

Bomba lilipopoa kabisa mama akasema, "Aniletee niguse." Nikamwambia fundi. Alisita kidogo, kisha akalileta, akaliweka magotini pake juu ya tambara safi. Mama akavua pete, akapitisha kidole gumba juu ya ule mshono wa chuma. Alikipitisha polepole sana. Mimi nilikuwa naona tu mstari wa mawimbi madogo ya kijivu, moja juu ya jingine, yamelingana hadi inatisha. Mama alikuwa anayahesabu.

"Huyu anajua kushona," alisema. "Sindano zote zina nafasi moja." Kidole kikasimama. Kikarudi. "Hapa alisimama. Alimaliza uzi, akatia mwingine."

Fundi alikuwa amesoma midomo. Akaliinamia bomba, akatazama mahali kidole kilipo. Hapo ndipo kijiti cha kuchomelea kilipomwishia, akaweka kipya. Mimi nilitazama karibu mpaka pua ikagusa chuma, sikuona kitu.

"Amejuaje?" fundi aliniuliza. "Muulize amejuaje!"

"Na yeye amejuaje uzi ungetosha kuona pumzi?" mama alijibu. "Kila mtu na mikono yake."

Wazee wawili, mmoja hasikii, mwingine haoni, na katikati yao mimi, mwenye macho mawili na masikio mawili na fremu ukutani.

Fundi alirudisha bomba, akalining'iniza kwa mipira mipya, akang'oa waya wa spika, akaziba tundu kwa kizibo cha mpira na gundi. Akawasha gari. Akapita tena na kijiti mdomoni, shubiri kwa shubiri, kisha uzi. Juu ya bomba, chini, kwenye tundu ndani ya gari. Uzi ulining'inia umenyooka. Ndipo akanijia, akasimama mbele yangu, akaniuliza kitu ambacho watu wanasema humuuliza kila mteja, maana yeye mwenyewe hana namna ya kujua.

"Kimya?"

Nikasikiliza. Nilisikia ndege juu ya bati.

"Kimya," nikasema.

Akatuagiza milango ya gari ikae wazi mchana wote, kesho madirisha yafunguliwe, na nesi aambiwe ukweli. Mama akasema lazima kesho akae pale pale nyuma. Nikamsihi akae mbele. "Hapana. Kama akili yangu ni nzima, nataka kujua nikiwa kwenye kiti kile kile."

Alhamisi asubuhi niliendesha kama nimebeba mayai. Madirisha yote wazi, mama amejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi. Nusu ya njia nilisimama kando, injini ikiwaka, nikaenda nyuma nikashika uzi juu ya kizibo. Umenyooka. Hakuongea njia nzima, na kila dakika ya ukimya wake ilinitoa jasho jembamba. Kwenye lango la hospitali nilifungua mlango. Akaweka mkono begani pangu.

"Baba watoto," alisema.

Nikainama nikatazama kizibo miguuni pake.

"Alikuwa anaendesha vizuri kuliko wewe. Nishushe."

Nesi mkuu nilimweleza kila kitu, pamoja na tundu. Alinitazama vibaya, nikastahili. Akamchukua mama damu, akampima presha, akamuuliza leo siku gani. Mama akataja siku, tarehe, na majina ya wajukuu tisa kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha akamshika nesi mkono wa sare. "Na hii imekubana kwapani. Nikishapata jicho, niletee." Nesi akatoa kalamu moja kati ya tatu, akaandika kwenye fomu. Mlango ukafunguliwa, mama akaingia akitembea, mgongo umenyooka.

Dada alipopiga simu jioni nilimpa mama mwenyewe. Nilisikia upande mmoja tu. "Cherehani? Iko palepale... Palepale, nimesema. Na wewe ukija usipande gari la ndugu yako bila kuinua zulia."

Wiki mbili baadaye, nesi aliporuhusu, mama alivaa miwani yake myeusi akasema nimpeleke kwa fundi. Kwenye gari alinidai kile kipande kibovu, nilichokuwa nimekiweka kwenye buti kwa ajili ya darasa. Akakiinua dirishani kwa mkono mmoja, akafumba jicho la zamani, akatazama ndani kwa jicho jipya.

"Naona mwanga," alisema. "Umepita kwenye ufa. Mstari mwembamba. Unauona?"

Nilitazama. Ilibidi anielekeze kwa kidole.

Tulimkuta Fundi Kimya shimoni, chini ya gari la mtu mwingine, kijiti kwenye magego, macho amefumba. Nikataka kumgusa bega.

"Usimguse," mama alisema. "Acha amalize."

Akasimama ukingoni mwa shimo, mikono juu ya fimbo, akamtazama. Hakuwahi kumwona. Alitazama ile mikono mikubwa, zile nyusi, kile kijiti kikihama shubiri, kikingoja, kikihama. Injini ilikuwa inanguruma. Nilimwona mama akishikilia pumzi kila kijiti kinapotulia.

Nyusi zikapanda. Fundi akafumbua macho, akamwona mtu juu yake aliyevaa miwani myeusi, na mtu huyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa anamtazama usoni moja kwa moja.

Mama akavua miwani. Akafungua midomo akaongea, taratibu, neno moja moja, bila kutoa sauti hata chembe. Alijua kwa huyu sauti haina kazi.

Fundi alisoma mpaka mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka kijiti kikamdondoka shimoni.

Nilimuuliza mama njia nzima alimwambia nini. Alikuwa anatazama nje ya dirisha, anayasoma mabango yote kwa sauti, la kwanza hadi la mwisho, na hakunijibu.